Nairobi hadi Moyale kwa basi, mimi na mke wangu: nawaomba msiipite njia hii usiku

#1 Mwanzilishi wa uzi

Wadau, hamjambo nyote.

Maswali ya kwenda Ethiopia kwa nchi kavu yamekuwa mengi, na jibu huwa ni lile lile: nenda Eastleigh, mtaa wa Nairobi, jioni, panda basi la Moyale, jifunike shuka, ukiamka uko mpakani. Si uongo. Basi la usiku lipo na linafika. Lakini mimi na mke wangu tumetoka kuipita njia hiyo na mashanta yetu mgongoni, mchana kweupe, kwa kuikata vipande vitatu: Nairobi hadi Isiolo, Isiolo hadi Marsabit, Marsabit hadi Moyale. Jumla yake ni karibu kilomita 780. Nimefungua uzi huu kuwaomba jambo moja tu: kama hamfukuzwi na kazi, msiipite njia hii gizani. Sehemu kubwa ya Kenya iko pale, na wengi wetu tuliozaliwa pwani au bara ya chini tutazeeka bila kuiona.

Sisi ni watu wa Mombasa. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na hufundisha ramani ya Kenya kila mwaka. Huwa anaudhika kwamba kitabu kinajaza miji na mito kusini, halafu juu kunabaki karatasi wazi yenye majina machache. Safari hii ilikuwa ni wazo lake.

Kipande cha kwanza nitakipita haraka. Matatu za Isiolo ziko katikati ya jiji, mitaa ya River Road na Accra Road. Fikeni alfajiri, maana gari haliondoki mpaka lijae. Thika, Karatina, Nanyuki na kibao chake cha ikweta, hayo mnayajua.

Mambo yanaanzia Timau. Hapo mko juu, kuna baridi, mashamba ya ngano kulia na kushoto. Halafu barabara inaanza kuteremka, na mara moja kaskazini yote inafunguka mbele ya kioo: tambarare ya rangi ya kahawia, vilima vimesimama kimoja kimoja mbali mbali, na upeo wa macho hauonekani vizuri kwa joto. Mnashuka zaidi ya mita elfu moja kwa muda mfupi. Watu wanavua masweta, madirisha yanafunguliwa. Mke wangu akatazama kwa muda, kisha akasema: "Sasa nimejua kwa nini ramani yetu inaishia hapa. Aliyeichora alifika hapa juu, akageuza gari."

Laleni Isiolo. Ni mji mdogo lakini utasikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu na Kiturkana kabla hujamaliza kikombe cha chai, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote sokoni. Amkeni mapema mkawaone kina mama wa maziwa ya ngamia. Wanapokea madumu kutoka kwa wachungaji, wanafungua kifuniko kimoja kimoja, wananusa, wanaonja kwa kifuniko hicho hicho, na likiwa limeharibika linawekwa kando bila mjadala. Mazuri yanapandishwa kwenye mabasi ya Nairobi, na jioni yanauzwa Eastleigh. Maziwa yana harufu ya moshi kwa sababu vyombo vyake hufukizwa kwa kuni maalumu ili yasiharibike njiani. Mke wangu alikunywa, akaongeza. Mimi nayapenda zaidi yakiwa ndani ya chai.

Kipande cha pili kinakuja. Mwenye swali aulize.

#3 Mdau wa Isiolo

Asante kwa kuutaja mji wetu kwa wema. Niongeze kidogo, kwa sababu mwalimu kataja ramani.

Enzi za Mwingereza, kuanzia hapa kwetu kwenda juu kuliitwa Northern Frontier District. Kwa sheria zilizoanza 1902 na kukazwa tena 1934, lilikuwa eneo lililofungwa. Mtu wa chini hapandi bila kibali, na mtu wa juu hashuki bila kibali. Uhuru ulipokuja 1963, vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikaanza mwaka huo huo, na hata vilipokwisha 1967 sheria za hali ya hatari zilibaki kaskazini mpaka 1991. Yaani mtu aliyezaliwa juu mwaka wa uhuru alikuwa na miaka 28 ndipo akaanza kuishi chini ya sheria sawa na mtu wa Nakuru.

Ndiyo maana mpaka leo utasikia wazee wa Marsabit na Moyale wakisafiri kwenda Nairobi wanaaga kwa kusema, "Naenda Kenya." Msicheke mkiyasikia.

#4 Mdau

Mkuu, uzi mzuri, lakini tuambie ukweli kuhusu usalama. Mimi nina mchumba wangu, sitaki kumpeleka mahali halafu nianze kumweleza baba yake.

#5 Mwanzilishi wa uzi

Swali la maana, nalijibu kwa uzito wake.

Barabara kuu yenyewe ina magari mengi na vizuizi vya polisi vya kutosha. Taabu ya kaskazini kwa kawaida ni wizi wa mifugo na ugomvi wa jamii kwa jamii juu ya malisho, maji na siasa, na hupanda na kushuka. Mnamo Mei 2022 serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku katika Kaunti ya Marsabit kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usitegemee uzi wa mtandaoni, hata huu wangu. Ukifika Isiolo waulize watu wa mabasi na mwenye nyumba ya wageni: wiki hii kukoje huko juu? Watakwambia wazi, kwa sababu wao na ndugu zao ndio wanaosafiri. Ukikuta kumechafuka, subiri au rudi. Na usitoke kwenye barabara kuu kuelekea vijijini bila mwenyeji.

Kuhusu kusafiri mtu na mkewe, tuliheshimiwa mno. Mke wangu alivaa dera na mtandio kama anavyovaa nyumbani, na kina mama ndani ya basi walimchukua kama wao. Alijua habari nyingi za safari kuliko mimi, kwa sababu wao walizungumza naye njia nzima. Basi likisimama kwa swala, linasimama kweli, watu wanashuka na birika za maji, hakuna anayepiga honi.

#8 Mwanzilishi wa uzi

Kipande cha pili, Isiolo hadi Marsabit. Hiki nitakieleza kwa nafasi.

Basi lilikuwa limejaa viazi, makabichi, magodoro na kuku wawili. Keria ilikuwa imepandishwa mizigo mpaka makanga akawa anatembea juu yake akiinama chini ya waya za stima. Mara tu mkitoka mji mnaingia nchi ya miiba na udongo mwekundu. Archer's Post mnavuka mto Ewaso Ng'iro, na hapo kwa mara ya kwanza tuliona ngamia wengi pamoja wakinywa. Kulia na kushoto ni hifadhi za wanyama, Samburu na Buffalo Springs, na Shaba upande wa mashariki, na pundamilia huonekana ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha basi, bila kulipa kiingilio.

Halafu unakuja mlima Ololokwe. Umesimama peke yake, umenyooka kama ukuta, juu yake bapa, na kwa Wasamburu ni mahali patakatifu. Basi linautazama kwa muda mrefu kabla ya kuufikia, kisha linapita ubavuni mwake, na unaona mwamba unavyobadilika rangi, kijivu, kisha hudhurungi, na michirizi myeusi ya maji ya mvua zilizopita. Makanga alikuwa amepita mara ngapi sijui, lakini naye aliutazama. Abiria wa basi la usiku hapa amelala.

Katika kizuizi kimoja tuliteremshwa wote, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi. Sisi wa Mombasa tuliangaliwa mara moja tu na kurudishiwa. Kijana aliyekaa kiti cha mbele yetu, Mborana, mwanafunzi wa chuo anayerudi nyumbani, kitambulisho chake kilishikwa. Akaulizwa alizaliwa wapi, chifu wake ni nani, shule ya msingi alisoma ipi. Akajibu yote kwa sauti ya chini, mikono nyuma. Karatasi yake ilikuwa sawa na yangu, imetolewa na serikali ile ile. Tuliporudi ndani mke wangu akamuuliza kama hali huwa ni hiyo siku zote. Akasema, "Nimezoea, dada." Kisha akafungua mfuko akatugawia tende.

Ndugu zangu, hili nalisema kwa moyo wote. Maneno ya mdau wa Isiolo pale juu si historia ya vitabuni tu. Yalikuwa yamesimama kwenye foleni ile. Na mtu wa pwani hawezi kuyajua mpaka apange foleni hiyo na wenzake.

Merille ni soko la mifugo, na tulilipita watu wakiwa wamejaa. Laisamis ni joto tupu. Kutoka Laisamis kuna barabara ya kilomita 208 kwenda magharibi, upande wa Ziwa Turkana, iliyotengenezwa upya ili kupitisha vinu vya umeme wa upepo. Vinu hivyo ni 365, vina uwezo wa megawati 310, na vyote viliteremshwa bandarini kwetu Mombasa kisha vikabebwa kwa malori mpaka kule. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi 2018. Mke wangu aliwaeleza kina mama kwamba aliwahi kuyaona mapanga ya vinu hivyo yakitoka bandarini, marefu kuliko nyumba. Mama mmoja wa Laisamis akamjibu, "Na sisi tuliyaona yakipita hapa, lakini nyumbani kwangu bado nawasha taa ya jua." Sikuwa na jibu la kumpa mama yule, na nimelileta hapa kwa sababu ni neno la haki.

#11 Mdau mwenye umri

Mmenikumbusha mbali. Nyinyi vijana mnaiona lami mkadhani ilikuwepo.

Mimi nilikuwa utingo wa lori njia hiyo miaka ya tisini. Hapakuwa na basi la maana. Abiria walipanda juu ya malori, wamekaa kwenye vyuma vya juu, chini yao kuna ng'ombe ikiwa tunashuka Nairobi, au unga na sukari ikiwa tunapanda. Isiolo hadi Moyale ilikuwa siku mbili ukijaliwa, tatu au zaidi mvua ikinyesha. Tulikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi. Lori likivunjika springi msafara hausubiri siku nzima, mnabaki. Nimelala Dida Galgalu chini ya lori mara nyingi, upepo unapiga usiku kucha na mawe yote ni meusi. Abiria akishuka Moyale humjui ni mtu wa rangi gani, vumbi limempaka mpaka kope.

Mkiona mtu wa juu anaisifia lami ile kwa machozi msishangae. Wanawake walijifungulia kwenye malori yale. Wengine hawakufika hospitali.

#12 Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo mzee, na asante sana. Kwa faida ya wasomaji: lami ilijengwa kwa mafungu, Isiolo hadi Merille, Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, na Turbi hadi Moyale, kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya. Kufikia 2017 ilikuwa imeunganika yote. Leo Marsabit hadi Moyale ni kama kilomita 250, na zinakwisha kabla ya chakula cha mchana.

#13 Mdau, mama wa biashara

Nimesoma yote na nimefurahi, lakini naomba msitulaumu sisi wa basi la usiku. Mimi nachukua nguo Eastleigh napeleka Moyale. Nikilala Isiolo na Marsabit nimelipa vyumba viwili, chakula cha siku tatu, na mzigo wangu umeshushwa na kupandishwa mara mbili, kila mara na mpagazi wake. Faida imeisha hapo. Usiku hakuna joto, nafika asubuhi, nafungua duka. Milima nimeiona nilipokuwa mdogo.

#14 Mwanzilishi wa uzi

Dada yangu, una haki kabisa, na uzi huu haukulengi wewe. Nawasema wenzangu wenye likizo na mashanta, wanaosema wanakwenda "kuona" Ethiopia na njiani wanajifunika shuka. Umefanya vizuri kutaja gharama, maana wengi wameuliza. Nauli za vipande vitatu ukizijumlisha hazipishani sana na za basi la usiku. Kinachoongezeka ni malazi na chakula. Nauli hubadilika na bei ya mafuta na sikukuu, basi ulizeni ofisini na si kwa wapiga debe.

Sasa Marsabit, ambako nasisitiza mlale zaidi ya usiku mmoja.

Mkitoka kwenye joto la Log Logo, basi linaanza kupanda na hewa inageuka. Marsabit ni mlima wa volkeno uliosimama katikati ya jangwa, wenye msitu juu yake, na asubuhi ukungu unashuka mpaka barabarani, watu wamevaa makoti. Ndani ya msitu kuna makasoko ya zamani, yaani mashimo ya volkeno, wenyewe wanayaita "gof", na katika mojawapo limo ziwa linalojulikana kama Lake Paradise. Msitu huu ndio alikoishi Ahmed, tembo mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya rais kumlinda dhidi ya majangili, akawekewa walinzi usiku na mchana. Alikufa 1974, na sanamu yake ya ukubwa wake halisi mtaikuta Nairobi, kwenye makumbusho ya taifa. Nilikuwa nimepita kando ya sanamu ile tangu nikiwa mtoto wa shule bila kujua alitoka wapi.

Nje kidogo ya mji, Ulanula, kuna visima vinavyoitwa vya kuimba. Kiangazi maji yanakuwa chini sana, na kamba na ndoo peke yake haitoshi kundi zima la ng'ombe. Kwa hiyo vijana wanasimama ndani ya kisima wakipandana, mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vya mwamba. Wa chini anachota, anampa wa juu yake, naye anampa wa juu yake, ndoo iliyojaa inapanda na tupu inashuka kwa mikono mingine, na wimbo ndio unaopanga mwendo. Wimbo ukikatika ndoo zinagongana. Juu kuna birika la udongo ambalo ng'ombe wananywea, na kila kundi linasubiri zamu yake mbali kidogo, bila kamba, bila uzio. Muombeni ruhusa mwenye kisima kabla ya kutoa simu mpige picha. Sisi tulikaribishwa, lakini tuliambiwa mifugo kwanza, na tulikaa pembeni muda mrefu kabla mtu hajapata nafasi ya kuzungumza nasi.

Mzee aliyekuwa akipanga zamu alituonyesha kwa fimbo mahali ambapo kundi lake lilikuwa likisimama kabla ya ukame. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022. Alisema ng'ombe waliobaki anawajua kila mmoja kwa jina na kwa jina la mama yake.

Mjini maji pia hununuliwa kwa mitungi. Chumba kikiwa na ndoo moja ya maji, hiyo ndiyo ya kuogea na kila kitu. Tafadhali muitumie kwa adabu.

#17 Mwanzilishi wa uzi

Kipande cha tatu.

Marsabit kwenda Moyale nchi inakuwa wazi mpaka inatisha. Mnashuka mlima, mnapita Bubisa, na upepo unalisukuma basi ubavuni, dereva anashika usukani kwa mikono miwili. Hakuna mti. Kisha Dida Galgalu ya mzee wetu wa #11: mawe meusi ya volkeno yametapakaa pande zote mpaka macho yanapoishia, na lami imenyooka katikati yake. Nilimwambia mke wangu afikirie kulala hapo chini ya lori. Hakujibu, alikuwa akitazama tu.

Turbi ni kituo kidogo, maduka machache, msikiti, shule. Watu wengi wanapita bila kujua. Julai 2005 washambuliaji waliingia hapo alfajiri wakaua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule waliovaa sare. Aprili 2006 viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kwenye mazungumzo ya amani walikufa ndege yao ilipoanguka mlimani. Watu 14 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwemo Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mirugi Kariuki, waziri msaidizi. Kaskazini ilipoteza wabunge wake kadhaa kwa asubuhi moja. Basi lilisimama Turbi kidogo kushusha mizigo. Watoto wa shule walikuwa wanacheza mpira kando ya barabara, na mama aliyekuwa karibu na mke wangu alisoma dua kimya kimya. Hatukumuuliza alimsomea nani.

Baada ya hapo barabara inageuka kuelekea mashariki, vilima vinarudi, Sololo inapita, kijani kidogo kinaanza, na Moyale inaonekana imekaa juu ya mwinuko. Mji ni mmoja, mpaka umepita katikati, na pande zote mbili unaitwa Moyale.

Kuleni kabla ya kuvuka. Upande wa Kenya kuna nyirinyiri nzuri sana, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Tulinunua ya kubeba.

#19 Mdau wa Tanga

Hongereni. Mimi ni Mtanzania, nataka kuvuka hapo hapo na mke wangu. Viza vipi? Na mpakani wanasumbua?

#20 Mwanzilishi wa uzi

Karibu, jirani. Mkenya haingii Ethiopia kwa viza, kwa hiyo mimi sikuhitaji. Wewe piga simu ubalozi wa Ethiopia kabla hujakata tiketi yoyote, na uwaambie wazi kwamba unaingia kwa nchi kavu Moyale, si kwa ndege. Ni mambo mawili tofauti kwao. Beba kadi ya homa ya manjano, wote wawili.

Mpaka wenyewe ni kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, unapigwa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuzunguka. Fika asubuhi. Foleni inakuwa fupi, na ukihitaji kubadilisha fedha una mchana mzima wa kuuliza bei. Tangu Julai 2024, birr, fedha ya Ethiopia, ilipoachiwa ijipange sokoni, bei ya benki imesogea sana kuelekea ya mtaani, kwa hiyo hakuna sababu ya kujificha uchochoroni na mtu usiyemjua.

Mambo mawili yatakayokushangaza. Ukivuka tu magari yanahamia kulia. Kabla ya kukanyaga barabara, tazama upande ambao hukuuzoea.

La pili ni saa na tarehe, na hapa sisi Waswahili tumebahatika. Ethiopia wanahesabu saa kuanzia alfajiri, sawasawa na sisi. Saa moja yao ya asubuhi ndiyo saa moja yetu. Wazungu tuliowakuta ofisi ya mabasi walikuwa wanahesabu kwa vidole, wakati mke wangu alisikia "saa kumi na moja", akaitika na kulipa, kwa sababu kwake ilikuwa saa kumi na moja ya kawaida, kabla ya jua. Mabasi ya mbali kule huondoka wakati huo. Lakini tarehe angalia. Kalenda yao ina miezi 13, mwaka wao mpya huanza Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Tiketi ikiandikwa kwa tarehe yao, omba wakuandikie siku ya wiki pembeni.

Kuendelea mpaka Addis Ababa ni safari nyingine ndefu. Eneo la Oromia, ambalo barabara inapita, limekuwa na mapigano kati ya jeshi na waasi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ulizeni tena Moyale kama mlivyouliza Isiolo, na jibu mkilipata mlifuate.

#22 Mdau

Mmenishawishi, tunakwenda Desemba. Swali dogo: tukikata tiketi tuchague kiti upande gani?

#23 Mwanzilishi wa uzi

Swali dogo lakini ndilo kubwa.

Nairobi hadi Isiolo kaeni upande wa dereva, Mlima Kenya uko kulia. Muufikie mapema, mawingu huufunika kabla ya adhuhuri.

Isiolo hadi Marsabit kaeni upande wa mlango. Asubuhi jua liko kulia, kwa hiyo mnapata kivuli, na Ololokwe iko kushoto. Mwachie mkeo dirisha. Mkibadilishana, badilishaneni baada ya Merille.

Marsabit hadi Moyale, upande wa mlango tena. Vilima vya Huri vinakuwa kushoto mbali, na baada ya Turbi mtaona kuta za milima ya Ethiopia upande huo huo kabla hamjafika. Kateni tiketi jana yake jioni, mchague namba wenyewe kwenye karatasi ya viti, na mwombeni karani aandike jina la mke wako kwenye kiti cha dirisha. Na muweke maji ya kutosha kwenye begi dogo la kiti, maana mashanta yataingia buti na hayafunguliwi tena mpaka mshuke.